Nyumba ya wageni ya The George, London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitoka stesheni ya London Bridge ukaishika barabara ya Borough High Street kuelekea kusini, mkono wa kushoto utapita vichochoro vyenye majina ya ajabu kidogo: King's Head Yard, White Hart Yard, Talbot Yard, Queen's Head Yard. Kila kimoja kilikuwa ua wa nyumba ya wageni. Nyumba zenyewe hazipo tena. Imebaki moja tu, The George, na hiyo nayo ni upande mmoja wa ile ya zamani. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi, hata wale wanaoipita kila siku wakienda kazini bila kuingia ndani.

Ni hoteli, baa au makumbusho?

Leo ni baa yenye mgahawa. Kwa karne kadhaa ilikuwa nyumba ya wageni kamili: watu walikula na kulala, farasi walifungwa zizini, mizigo ilishushwa na kupakiwa uani. Ipo nambari 77 Borough High Street, mtaa wa Southwark, upande wa kusini wa mto Thames. Kinachoipa sifa ni roshani zake ndefu za mbao zinazotazama ua. Zamani London ilikuwa na nyumba nyingi za wageni zilizojengwa hivyo. Hii ndiyo ya mwisho.

Ina umri gani? Wengine husema miaka 350, wengine zaidi ya 500.

Inategemea unahesabu nini. Ukihesabu jengo, ni la mwaka 1677. Ukihesabu biashara, kulikuwa na nyumba ya wageni mahali hapo hapo miaka mingi kabla ya hapo: inaonekana kwenye ramani ya Southwark ya mnamo 1542, na mwandishi John Stow aliitaja mwaka 1598 alipoorodhesha nyumba za wageni nzuri za mtaa huo. Wakati ule wa awali iliitwa kwa jina la Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza. Uingereza ilipoachana na Kanisa la Roma, utakatifu ukaondolewa kwenye kibao, George akabaki.

Wanaotangaza majengo ya kale hupenda kuchukua tarehe ya biashara na kuibandika kwenye kuta. Ukisoma popote kwamba "jengo hili ni la zama za kati", jua umeuziwa tarehe isiyo yake.

Kwa nini nyumba za wageni zilisongamana kwenye mtaa mmoja namna ile?

Kwa sababu ya daraja. Hili ndilo jibu la nusu ya maswali kuhusu The George, na watu hulirukia haraka ili wafike kwa Shakespeare.

Hadi mwaka 1750, lilipofunguliwa daraja la Westminster, jiji la London lilikuwa na daraja moja tu la kuvukia Thames, nalo ni London Bridge. Kila aliyetoka kusini, awe ametoka bandari ya Dover, mashamba ya Kent au vijiji vya Sussex, ilibidi apite Southwark. Barabara zote za kusini zilikutana kwenye mtaa huu mmoja, kisha zikaingia darajani kama uzi mmoja. Lango la daraja lilifungwa usiku. Ukichelewa, ulilala upande wa huku. Na aliyetaka kuanza safari ya kusini alfajiri naye hakutaka kungoja lango lifunguliwe, kwa hiyo alivuka jioni na kulala Southwark vilevile. Mtaa ukapata wateja wa pande zote mbili.

Halafu kulikuwa na msongamano wenyewe wa darajani. Daraja lilikuwa jembamba, limejengwa nyumba na maduka juu yake, na kupita na mkokoteni uliojaa ilikuwa adhabu. Wasafirishaji wengi wa mizigo kutoka kusini waliona heri waishie Southwark, washushe hapo, wenye mali wavuke kuja kuchukua. Ndiyo maana nyua zilihitaji kuwa kubwa. Mwaka 1637 John Taylor, mpiga makasia wa Thames aliyekuwa pia mshairi, alichapisha kitabu kidogo kinachoeleza wasafirishaji wa kila upande wa nchi hufikia nyumba gani ya wageni London na siku gani ya juma. Ukitaka kumtumia shangazi yako kifurushi, ulitazama kitabu, ukaenda kwenye ua husika siku husika. Nyumba hizi zilikuwa kama stendi ya mabasi yenye gesti juu yake.

Jambo la mwisho: Southwark haikubanwa sana na watawala wa jiji la upande wa pili. Mambo yaliyokatazwa kaskazini yalivumiliwa kusini, yakiwemo majumba ya michezo ya kuigiza, mapambano ya dubu na mbwa, na madanguro. Magereza pia yalikuwa huku. Mgeni wa The George alikuwa na pa kwenda jioni, na pa kupelekwa akivuka mipaka.

Nyumba ya wageni ilitofautianaje na kilabu cha kawaida cha pombe?

Kisheria zilikuwa aina tatu. Kulikuwa na kilabu cha bia, mara nyingi sebule ya mtu tu. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo, ya wateja wenye nafasi. Na kulikuwa na nyumba ya wageni, iliyopaswa kumpa msafiri chakula, kitanda na zizi la farasi wake. Mwaka 1577 serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliamuru zihesabiwe, nia ikiwa kuzitoza fedha za kukarabati bandari ya Dover. Katika majimbo yaliyohesabiwa vilipatikana vilabu vya bia zaidi ya 14,000, nyumba za wageni zipatazo 1,600, na nyumba za mvinyo 300 na ushei. Utaona hapo kwamba nyumba ya wageni haikuwa kitu cha kila kona. Ilihitaji mtaji.

Je, mwenye nyumba aliweza kumkataa mgeni?

La, si kwa kupenda kwake. Sheria ya Uingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, ilisema kwamba aliyefungua nyumba ya wageni amejitangazia wasafiri wote. Msafiri mwenye hali ya kupokelewa na uwezo wa kulipa, na nafasi ikiwepo, lazima apokelewe. Juu ya hapo, mali ya mgeni ikiibwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba ndiye hulipa.

Mipaka ya wajibu huo ilichorwa mwaka 1584 katika kesi ya mtu aitwaye Calye. Mgeni alifika na farasi, akaomba apelekwe malishoni. Farasi akaibwa huko. Majaji wakasema mwenye nyumba hadaiwi, kwa sababu malisho yapo nje ya nyumba na mgeni mwenyewe ndiye aliyetaka farasi apelekwe. Lakini angekuwa zizini, angelipwa. Unaelewa sasa kwa nini nyumba kama The George zilikuwa na lango moja tu kubwa la kuingilia barabarani, na kwa nini lilifungwa usiku. Kila mwizi aliyepita pale alikuwa deni la mwenye nyumba.

Sheria hiyo haikufa na farasi. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, alifika na familia yake kwenye hoteli moja kubwa ya London aliyokuwa ameshaweka nafasi. Akaambiwa hawawezi kukaa, kwa kuwa kulikuwa na wageni Wamarekani weupe na rangi yake ingewaudhi. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria yoyote ya kukataza ubaguzi wa rangi. Ya kwanza ilikuja mwaka 1965. Mawakili wa Constantine wakafukua wajibu wa kale wa mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri. Mwaka 1944 mahakama ikampa haki. Fidia ilikuwa gini 5 tu (pauni 5 na robo), fedha ya kununulia viatu, ila hukumu yenyewe ilisikika nchi nzima. Mimi huona hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika historia ya nyumba za wageni za Uingereza, na haimo katika vibao vinavyotundikwa ukutani.

Mgeni wa kawaida alilalaje?

Kwa kugawana. Chumba cha peke yako kilikuwa cha tajiri, na kitanda cha peke yako hakikuwa jambo la kutegemea. Mtu aliweza kulala na mfanyabiashara asiyemjua, kila mmoja ameweka mfuko wa fedha chini ya mto. Ushahidi mzuri wa desturi hiyo upo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London: kitanda kikubwa cha Ware, kilichotengenezwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya nyumba moja ya wageni katika mji wa Ware, kaskazini mwa London. Upana wake unazidi mita 3. Kilikuwa kivutio cha biashara, mtu alilala hapo ili apate cha kusimulia, na kilivuma kiasi cha Shakespeare kukitaja katika mchezo wake wa Twelfth Night.

Watumishi walikuwa na kazi zao: wa farasi, wa vyumba, wa mapipa ya bia. Wa farasi ndiye aliyeogopwa zaidi. Akikupunja shayiri usingejua mpaka farasi achoke njiani.

Roshani zilikuwa za nini? Mapambo?

Hapana. Ndizo zilizokuwa korido. Viwanja vya Southwark vilikuwa vyembamba upande wa barabara na virefu kwenda nyuma, maana uso wa kuitazama barabara ulikuwa ghali. Mjenzi aliweka lango la kutosha gari kupita, kisha akapanga vyumba kuuzunguka ua. Badala ya kupoteza nafasi ndani kwa korido, aliitoa nje: unapanda ngazi, unatembea kwenye roshani, unafungua mlango wa chumba chako. Mvua ikipiga upande wako, unalowa.

Ukisimama uani leo, tazama roshani za The George kwa makini. Zimepinda. Sakafu za ndani nazo zimelala upande, na milango imekatwa ifuate mteremko. Mbao za karne ya 17 zimekaa zinavyotaka zenyewe. Nyuma ya ua wa kwanza kulikuwa na ua wa pili wa mazizi na maghala, na harufu yake, tunaweza kukisia, haikujua mpaka.

Nini kilitokea mwaka 1676?

Watu wengi wanaujua moto mkubwa wa London wa 1666. Southwark iliponea moto ule, ikapata wake miaka kumi baadaye. Tarehe 26 Mei 1676, alfajiri, moto ulizuka kwa muuza mafuta katikati ya The George na jirani yake. Mahali pabaya kuliko hapo hapakuwepo: mafuta, nyua zilizojaa nyasi kavu na majani ya kulalia farasi, na kuta za mbao pande zote. Majengo mengine yalibomolewa na kulipuliwa kwa baruti ili kuukatia moto njia. Nyumba zipatazo 500 ziliteketea, zikiwemo The George na majirani zake White Hart na Tabard.

Wakati wa moto ule Waingereza walikuwa na hofu kubwa juu ya Wakatoliki, na haikuchukua muda uvumi ukaenea kwamba padri mmoja wa Kijesuiti ndiye aliyeuwasha. Habari hizo zilitoka kwa watu waliokuja kujulikana kuwa waongo wa kupindukia.

Mpangaji wa The George, Mark Weyland, alijenga upya mwaka uliofuata. Bunge lilikuwa limeunda mahakama maalumu ya kuamua ugomvi kati ya wenye ardhi na wapangaji: nani ajenge, na aliyejenga apunguziwe kodi kiasi gani. Weyland alijenga kwa mtindo ule ule wa zamani, roshani na ua, kwa sababu barabara ilikuwa ile ile, daraja lile lile, na wateja wale wale.

Shakespeare aliwahi kunywa hapa?

Jengo unaloliona lilijengwa miaka 61 baada ya kifo chake. Aliishi na kufanya kazi jirani, ukumbi wa maigizo wa Globe ulifunguliwa mwaka 1599 mwendo wa dakika chache kutoka hapo, na nyumba ya wageni iliyotangulia ilikuwepo. Inawezekana aliingia. Inawezekana pia aliingia kwenye kila nyumba ya mtaa huo. Hakuna karatasi inayosema hivyo.

Lililo kweli ni kwamba kabla ya kumbi za kudumu kujengwa, waigizaji London walicheza katika nyua za baadhi ya nyumba za wageni: jukwaa uani, watazamaji wa bei nafuu wamesimama, wenye fedha roshani. Ukiutazama ua wa The George utaelewa mara moja kumbi zile zilipata wapi umbo lake. Katika karne ya 20 michezo ya Shakespeare imewahi kuchezwa uani hapo, na labda hapo ndipo hadithi ilipokolea.

Na Charles Dickens?

Huyu ni wa kweli zaidi. Aliitaja The George kwa jina katika riwaya yake ya Little Dorrit, iliyotoka kati ya mwaka 1855 na 1857. Mtaa huu aliujua kwa uchungu: mwaka 1824, Dickens akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, mwendo mfupi chini ya barabara hiyo hiyo, na mtoto akawa anafanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu huku akipanga chumba karibu na gereza ili awe jirani na wazazi wake.

Lakini nyumba ya wageni aliyoipamba hasa ni White Hart, ile ya jirani. Huko ndiko bwana Pickwick, mhusika mkuu wa riwaya yake ya The Pickwick Papers, anakokutana na Sam Weller, kijana anayepiga viatu rangi uani. White Hart ilikuwa na historia nyingine pia: mwaka 1450 Jack Cade, kiongozi wa uasi wa watu wa Kent, aliifanya makao yake kabla ya kuvuka daraja kuingia London.

Mahujaji wa Chaucer walianzia hapa?

Mahujaji wa Hadithi za Canterbury, kitabu cha mshairi wa karne ya 14 Geoffrey Chaucer, walianzia Tabard, nyumba iliyofuata kusini. Askofu mkuu Thomas Becket aliuawa katika kanisa la Canterbury mwaka 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173, na kwa zaidi ya miaka 350 watu walimiminika kwenye kaburi lake. Njia ya kutoka London ilipita Southwark, ndiyo maana Chaucer aliwakutanisha mahujaji wake Tabard. Kaburi lilivunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane. Mtu angetarajia nyumba za wageni zifilisike. Hazikufilisika. Wafanyabiashara walikuwa wengi kuliko mahujaji siku zote.

Tabard iliungua 1676, ikajengwa tena kwa jina la Talbot, ikabomolewa mwaka 1873. Kibao cha kumbukumbu kipo Talbot Yard.

Ni kweli Chuo Kikuu cha Harvard kina uhusiano na mtaa huu?

Kweli kabisa. John Harvard alibatizwa Southwark mwaka 1607, katika kanisa ambalo leo ni kanisa kuu la mtaa huo. Familia yake ilimiliki nyumba ya wageni ya Queen's Head, hatua chache kutoka The George, naye akairithi. Mwaka 1637 alihamia Massachusetts, akafa mwaka uliofuata, akaachia nusu ya mali yake na vitabu vyake kwa chuo kichanga ambacho baadaye kikapewa jina lake. Mapato ya vitanda na bia za Southwark yamo katika mtaji ule.

Ile saa kubwa iliyo ndani ina kisa gani?

Ni saa ya ukutani yenye uso mkubwa, ya aina inayoitwa saa ya sheria ya Bunge. Mwaka 1797 waziri mkuu William Pitt alitoza kodi saa zote: shilingi 5 kwa mwaka kwa saa ya ukutani, shilingi 2 na peni 6 kwa saa ya mfukoni ya fedha, shilingi 10 kwa ya dhahabu. Watu wakaficha saa zao au wakaacha kununua, mafundi wakakosa kazi, na kodi ikafutwa mwaka 1798.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba wenye nyumba za wageni walitundika saa kubwa ili kuwavuta watu waliokwisha kuuza za kwao. Ni hadithi tamu, lakini saa za namna hiyo zilikuwepo miaka mingi kabla ya kodi. Sababu ni rahisi: gari la abiria likiondoka kwa wakati, abiria na madereva wanahitaji kuona wakati wenyewe kutoka upande wa pili wa chumba chenye moshi.

Zama za magari ya farasi zilikuwaje?

Ndizo zilizokuwa kilele. Barabara ziliboreshwa katika karne ya 18, safari zikawa na ratiba, na farasi wakawa wanabadilishwa njiani kila baada ya kilomita kama 15. Magari ya posta yalianza mwaka 1784. The George ilihudumia magari ya Kent na Sussex. Dover ni kilomita 110 hivi. Chumba cha baa kilicho karibu na lango kilikuwa cha kungojea safari. Abiria wa ndani walilipa zaidi, wa juu ya paa walilipa kidogo na kula baridi.

Kisha mwaka 1836 stesheni ya London Bridge ikafunguliwa, umbali ambao mtu anaweza kutupa jiwe. Mwaka 1844 treni ikafika Dover. Magari ya farasi ya njia hiyo hayakuchukua muda kutoweka.

Sehemu nyingine za jengo zilikwenda wapi?

Zilibomolewa mwaka 1889 na mmiliki wake wa wakati huo, kampuni ya reli ya Great Northern. Jina lake linasema kaskazini, lakini ilihitaji ghala kusini mwa mto, maana Borough, eneo hili la Southwark, ilikuwa kitovu cha biashara ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, kutoka mashamba ya Kent. Soko lake maalumu, Hop Exchange, lilifunguliwa karibu hapo mwaka 1867 na jengo bado lipo. Kampuni ilifyeka upande wa kaskazini na wa mashariki, ikaweka maghala. Upande wa kusini ukaachwa. Mwaka huo huo White Hart nayo ikabomolewa.

Hakuna aliyefanya mkutano wa kuamua kwamba upande wa kusini ni urithi. Haukuwa unahitajika kwa kazi, na ulikuwa bado unauza bia.

Nani basi aliyeuokoa?

Kwanza, watu walioendelea kuuendesha. Katika miaka ile ya maghala, nyumba ilikuwa mikononi mwa bibi Amelia Murray na baada yake binti yake Agnes, na kwa kuwa hawakuwa na haraka ya kuibadili, ilibaki na sura yake. Watalii wapenzi wa Dickens wakaanza kuja.

Halafu, jambo la kushangaza, reli yenyewe. Kampuni iliyorithi mali za Great Northern, London and North Eastern Railway, iliikabidhi The George kwa shirika la hifadhi la National Trust mwaka 1937. Leo jengo limeorodheshwa katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa Uingereza, daraja lile lile la makanisa makuu, na baa inaendeshwa na kampuni ya bia kwa upangaji.

Ndiyo nyumba ya wageni kongwe kuliko zote Ulaya?

Hapana, wala haidai hivyo. Hata Uingereza kuna kongwe zaidi: The New Inn ya Gloucester ina ua na roshani za karne ya 15, na ilijengwa na watawa. Jina lake maana yake "mpya", na limekaa hivyo kwa zaidi ya miaka 500. Zipo nyingi zinazodai makubwa. Moja ya Nottingham imeandika 1189 ukutani kwake, ilhali jengo ni la karne ya 17.

Kama unatafuta yenye kisa cha kuchekesha, nenda Brixen, kaskazini mwa Italia. Majira ya baridi ya 1551 hadi 1552 msafara wa Maximilian wa Austria ulipita hapo na tembo wa Asia aitwaye Soliman, akipelekwa Vienna. Alipumzishwa kwenye nyumba ya wageni kwa takriban wiki mbili, na watu wa milimani, ambao hawakuwahi kuona mnyama wa aina ile, walikuja kumkodolea macho. Mwenye nyumba akajua bahati imemjia: akambandika tembo ukutani kwa picha na nyumba ikachukua jina lake. Bado ni hoteli hadi leo, na bado inaitwa Elephant.

Mimi sinywi pombe. Naweza kuingia? Na watoto je?

Ua hauna kiingilio. Unaweza kupita, ukatazama roshani na ukaondoka. Ndani kuna chakula na vinywaji visivyo na kilevi. Nenda mchana wa siku za kazi, kabla ya watu wa ofisini kutoka. Jioni ya Alhamisi na Ijumaa ua hujaa hata hutaona mbao.

Naweza kulala hapo?

Huwezi. Vyumba vya juu siku hizi ni vya kulia chakula na sherehe. Ukishamaliza, rudi barabarani ushike tena kusini mpaka maktaba ya John Harvard. Pembeni yake kuna kichochoro cha Angel Place, na ukuta mrefu wa matofali utakaouona humo ndio uliobaki wa gereza la Marshalsea.